Msamiati Umejaa Daftari, Kiingereza Hakipandi

Chukua daftari la Kiingereza la mwanafunzi wa Kidato cha Pili, liwe la Tabora au la Tanga, ulifungue kurasa za nyuma. Huko ndiko msamiati unakohifadhiwa. Mstari wa rula umegawa ukurasa: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake, nayo maana mara nyingi ni neno moja tu, la Kiingereza kingine au la Kiswahili lililodokezwa kwa penseli ili mwalimu asilione. "Abundant" ni "plenty". "Commence" ni "start". "Reluctant" ni "kusita". Kurasa zinafuatana hivyo kwa mwandiko mzuri. Mwombe mwenye daftari akueleze kwa Kiingereza kwa nini jana hakuja shule, na ataangalia chini. Mtaani wanasema Kiingereza hakipandi.

Mtindo huo wa safu mbili ni mkongwe. Mwaka 1604 mwalimu Mwingereza aliyeitwa Robert Cawdrey alichapisha kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza: maneno magumu yapatayo 2,500, kila moja likifuatiwa na kisawe au maelezo mafupi, basi. Wasomaji wake walikuwa Waingereza. Lugha walikuwa nayo tangu utotoni. Kilichowasumbua ni maneno ya asili ya Kilatini na Kigiriki yaliyokuwa yakimiminika katika mahubiri na vitabu. Kwao kisawe kilitosha, kwa sababu namna ya kulitumia neno ndani ya sentensi walikuwa wameshaijua. Mwanafunzi wetu amerithi daftari la Cawdrey pasipo kurithi lugha ya wasomaji wa Cawdrey.

Kujifunza maneno kwa fasili na sentensi za mfano ni njia nzuri, na wanaoibeza wakisema lugha hujifunzwa kwa kuzungumza tu wanasahau kwamba mtoto wa Namtumbo hana wa kuzungumza naye Kiingereza. Ila fasili na sentensi hazifanyi kazi moja. Fasili inamsaidia mtu kulielewa neno analokutana nalo; sentensi ndiyo inayomwonyesha jinsi ya kulitoa kinywani mwake. Madarasani mwetu fasili imepewa ukurasa mzima na sentensi imeachiwa pembeni, tena kwa maneno ambayo mara nyingi hayakustahili kuchaguliwa.

Hili la kuchagua lina historia yake. Mwaka 1921 Mmarekani Edward Thorndike alitoa orodha ya maneno 10,000 aliyoyapanga kwa kuhesabu yanavyotokea katika maandishi. Kutokana na hesabu za aina hiyo jambo moja likawa wazi: maneno machache hufanya kazi karibu yote. Katika mkusanyo unaoitwa Brown, wenye maneno milioni moja ya machapisho ya Marekani ya mwaka 1961, "the" peke yake inakaribia asilimia 7. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alifika mbali zaidi akadai kwamba maneno 850 yanatosha kwa mazungumzo ya kawaida, vitenzi vikiwa 18 tu. Hakutilia mkazo kwamba vitenzi hivyo 18 vingelazimika kubeba maana za mamia ya vingine, na huo ndio mzigo unaomshinda mgeni kuliko wote. Michael West, Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Bengali, alikuwa na busara zaidi. Orodha yake ya mwaka 1953, yenye maneno ya msingi kama 2,000, ilitaja kila maana ya neno na jinsi inavyotokea kwa wingi au kwa nadra, ili mwalimu ajue maana ipi aitangulize.

Averil Coxhead wa New Zealand alipopima maandishi ya chuo kikuu aliona kwamba orodha ya West inafunika takriban robo tatu ya maneno yote yaliyomo. Mwaka 2000 akaongeza orodha ya familia 570 (neno pamoja na maumbo yake) za maneno ya kitaaluma, kama "analyse", "factor" na "require", ambazo hufunika asilimia 10 nyingine. Mwaka 2006 Paul Nation, naye wa New Zealand, akakadiria kwamba kusoma gazeti au riwaya bila kusaidiwa kunataka ujue maneno 98 kati ya kila 100 unayokutana nayo, na kiwango hicho kinahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Kwa kuelewa mazungumzo ni 6,000 hadi 7,000.

Tuzitazame tarakimu hizo darasani. Ukijua asilimia 98, unakwama kwenye neno moja katika kila hamsini, na sentensi zinazolizunguka zinakusaidia kulikisia. Ukijua asilimia 80, neno moja katika kila matano ni giza. Ukurasa wa maneno 300 una maneno 60 ambayo huyajui. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa hali hiyo abashiri maana kutokana na muktadha anamwonea, kwa kuwa muktadha wenyewe umeandikwa kwa maneno asiyoyajua.

Hapo "abundant" na "commence" yanaonekana yalivyo: mapambo. Yamechaguliwa kwa kuwa yanasikika ya kisomi, na kwa kuwa mwalimu na mwanafunzi wote wanaamini maneno ya kawaida yalishamalizwa shule ya msingi. Hayakumalizwa. Kinachomwangusha mtoto anayetoka Darasa la Saba la Kiswahili na kuingia Kidato cha Kwanza cha Kiingereza ni maneno madogo anayodhani anayajua. Katika hisabati anakutana na "odd", ambalo kwingine ni kitu cha ajabu lakini hapa ni namba witiri. Anakutana na "mean", aliyofundishwa kuwa ni kumaanisha, pengine hata ni mtu mchoyo, na sasa inageuka kuwa wastani. "Product" dukani ni bidhaa, kwenye hisabati ni jibu la kuzidisha. "Relief" hospitalini ni nafuu, kwenye jiografia ni sura ya nchi yenye milima na mabonde. "Root" ni mzizi wa mti na wa neno, angalau hilo Kiswahili nacho kinalikubali, lakini kwenye namba ni kipeuo.

Fizikia ni kali zaidi. Mwanafunzi anajua "work" ni kazi. Kisha anaambiwa kwamba mama aliyesimama kituoni na ndoo ya maji kichwani, jasho likimtoka, haifanyii ndoo ile "work" yoyote, kwa sababu haisogei. Mwalimu yuko sahihi kabisa kisayansi. Mwanafunzi naye, akiwa na daftari lake la safu mbili, ana haki ya kudhani amechezewa shere. Neno la nadra kama "photosynthesis" halimpi shida hiyo: ni geni kwa sura, kwa hiyo anajihadhari nalo, na dhana yake ameshaisoma kwa jina la usanisinuru. Neno linalofanana na lile analolijua ndilo linalompita bila kupiga hodi. Kama ningepewa wiki zile za mwanzo za Kidato cha Kwanza zinazotengwa kwa maandalizi ya Kiingereza, ningezitumia karibu zote kwa maneno ya kawaida yenye maana za pili na za tatu, somo kwa somo, na "abundant" ningeiacha ije yenyewe.

Tukija kwenye fasili, swali la kwanza ni lugha yake. Samuel Johnson, kwenye kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, alilieleza neno "network" kwa maneno mazito kiasi kwamba anayeyaelewa hahitaji tena kuelezwa wavu ni nini. Waingereza wenyewe wamekuwa wakimcheka kwa hilo tangu zamani. Ila ugonjwa huo uliendelea katika kamusi hadi karne ya 20, na dawa yake ilitoka kwa walimu waliofundisha wageni. Mwaka 1935 West na James Endicott walitoa kamusi iliyoeleza maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka 1978 kampuni ya Longman ikafuata njia hiyo katika kamusi yake ya wanafunzi, kwa maneno ya kuelezea kama 2,000. Huko Japani A. S. Hornby na wenzake walikuwa wametunga kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford ikaichapisha upya mwaka 1948. Ndiyo mama wa kamusi nene ya Oxford inayokaa kwenye meza za walimu wetu wengi. Sifa yake kubwa ilikuwa kuonyesha kila kitenzi kinaungana na nini, na kwa mfano.

Mwaka 1987 kundi la John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham lilibadilisha hata umbo la fasili. Katika kamusi ya COBUILD, maana ya neno inaelezwa kwa sentensi kamili, kama mtu anavyomweleza mwenzake: mtu akifanya hivi kwa kitu cha aina hii, basi neno hili ndilo linalotumika. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Fasili ya namna hiyo inakuonyesha wakati mmoja maana ya neno, nani hulitenda, na nani au nini hutendewa.

Hata fasili nzuri, hata hivyo, ikiachwa peke yake hupotosha. Mwaka 1987 watafiti George Miller na Patricia Gildea walieleza habari za watoto wa Marekani wa miaka 10 na 11, Kiingereza kikiwa lugha yao ya kwanza, waliopewa neno na fasili ya kamusi kisha wakaambiwa watunge sentensi. Mmoja alisoma kwamba "erode" ina maana ya "eat out", yaani kumomonyoa kidogo kidogo. Lakini kwa Kiingereza cha kila siku "eat out" ni kwenda kula mgahawani. Akaandika kwamba familia yao hu-"erode" sana. Ukiisoma sentensi ile unacheka, kisha unaona kwamba mtoto hakukosea mantiki hata kidogo. Alichukua kipande cha fasili anachokijua na kukiweka mahali pa neno, kama fasili ilivyomwelekeza. Ikiwa hayo yalimpata mwenye lugha, aliyejifunza "reluctant ni kusita" na kwenda kuandika "I reluctanted to go" anastahili kusamehewa.

Je, fasili iandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili? Shule nyingi za Afrika Mashariki zina jibu lao tayari, limebandikwa ukutani: ongea Kiingereza tu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa kwa kukutwa wakiongea Kigĩkũyũ shuleni, na mtindo wa kumvisha mtoto alama ya aibu haujafa wote. Matokeo kwenye daftari ni yale maandishi ya penseli. Mwanafunzi hawezi kuacha kufikiri kwa Kiswahili. Anachojifunza ni kuficha. Akificha, mwalimu hapati nafasi ya kuona kwamba tafsiri aliyojiandikia si sahihi.

Mwaka 1997 Batia Laufer na Linor Hadar wa Israeli walilinganisha kamusi za aina tatu: ya lugha moja, ya lugha mbili, na ile inayochanganya fasili ya Kiingereza, mfano wa Kiingereza na tafsiri fupi ya lugha ya mwanafunzi. Kwa jumla, hiyo ya tatu ndiyo iliyowasaidia wengi. Kwetu jaribio la karibu zaidi ni la vitabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol na wenzao wa vyuo vya Tanzania na Rwanda walitunga vitabu vya masomo vyenye Kiingereza kifupi na chepesi, faharasa yenye lugha ya nyumbani, na mazoezi yanayowaruhusu wanafunzi kulijadili jambo kwanza kwa lugha wanayoimudu. Rwanda, ambayo iliamua kuhamia Kiingereza mwaka 2008, ilihitaji vitabu hivyo kama tunavyovihitaji sisi.

Kwa maoni yangu mjadala huu umekaa muda mrefu kuliko unavyostahili. Kwa jina la kitu, tafsiri ya Kiswahili inatosha, na kumzungusha mtoto kwa fasili ya Kiingereza ya "cloves", mtoto wa Pemba aliyekulia chini ya mikarafuu, ni kupoteza kipindi. Kwa neno la kitaaluma, tafsiri ije pamoja na fasili. Kwa kitenzi, tafsiri peke yake ni hatari, na hapa ndipo sentensi inapochukua usukani.

Sababu ni muundo wa Kiswahili chenyewe. Kitenzi chetu kinameza mengi. Tunasema "nieleze", na ndani ya neno hilo moja mna tendo, mna mimi ninayeelezwa. Mwanafunzi aliyeandika "explain: eleza" anasema "explain me", na kwa kipimo cha daftari lake hajakosa kitu. Tunangoja basi, tunasikiliza redio, tunajibu barua, hakuna kinachoingia kati ya kitenzi na kitu chake. Kwa hiyo "wait the bus", "listen the radio" na "reply my letter" zinamtoka bila kusita. Kwa upande mwingine tunajadili kuhusu jambo na kusisitiza juu ya jambo, basi huku anaongeza kisichotakiwa: "discuss about", "emphasize on". Mtu humwambia mwenzake "niazime kalamu", na kwa kuwa kuazima kumeandikwa mbele ya "borrow", anasema "borrow me a pen". Mwenye kuhisi njaa na baridi kwa Kiswahili anaweza kusema anasikia njaa na anasikia baridi, hata harufu anaisikia, na "hear" inajikuta ikibeba hisia ambazo Waingereza wameziweka kwenye "feel" na "smell".

Hakuna kosa hata moja kati ya hayo linalotokana na kutojua maana. Yote yanatokana na kutojua neno linakaa na nani. Mwanaisimu wa London J. R. Firth alilisisitiza hilo katika miaka ya 1950: neno hujulikana kwa wenziwe. Mswahili hahitaji kuambiwa mara mbili, akumbuke tu "piga". Tunapiga simu, picha, pasi, deki, mswaki, magoti, chafya na kura. Mgeni aliyekariri kwamba kupiga ni "hit" atafika Kariakoo akidhani tuna vita na kila kitu. Kiingereza nacho kina vitenzi vyake vya aina hiyo, na ni vilevile vifupi vinavyoonekana rahisi: "make", "do", "take", "get", "have". Sisi tunafanya kosa na tunafanya kazi ya nyumbani kwa kitenzi kimoja; wao ni "make a mistake" na "do homework". Hakuna fasili itakayomwambia mtu kwa nini. Anachohitaji ni kuzikuta zimeshikamana, mara nyingi, mpaka kuzitenganisha kumkere sikioni.

Sasa tazama sentensi wanazotunga wanafunzi, na nyingine zilizomo vitabuni. "The man is reluctant." Haina kosa la sarufi, na haina faida. Ukiondoa "reluctant" ukaweka "tall" au "rich", sentensi inasimama vilevile, maana yake ni kwamba haijasema chochote kuhusu neno lililokusudiwa. Kipimo changu cha sentensi mfano ni hicho: lifute neno, mpe mwingine, uone kama anaweza kulikaribia. "She was reluctant to lend him more money because he had not paid back the first loan." Hapa kusita kunaonekana, sababu yake inaonekana, na njiani mwanafunzi amepokea bure kwamba "reluctant" hufuatwa na "to" na kitenzi, kwamba "lend" humtaka anayekopeshwa kabla ya fedha, na kwamba deni hulipwa kwa "pay back".

Walimu wengi wataniambia sentensi ndefu inaogofya. Ni kweli, na ndiyo maana maneno mengine yote ndani yake sharti yawe mepesi: katika sentensi mfano, neno geni liwe moja. Utungaji wa namna hii ni kazi ngumu kuliko kuandika fasili. Mwalimu anayeweza kutunga sentensi tano nzuri kwa kipindi amefanya kazi ya siku.

Kuna ubishi wa siku nyingi juu ya sentensi za kutungwa na zile za kweli. Sinclair na wenzake walishikilia kwamba mfano utoke katika matumizi halisi, kwenye mkusanyo wa matini uliohifadhiwa kwenye kompyuta, kwa vile mtunga kamusi akibuni hutoa lugha asiyoisema mtu. Laufer, katika utafiti wa mwaka 1992, aliona kwamba kwa kuelewa neno jipya, mifano iliyotungwa na watunga kamusi iliwasaidia wanafunzi zaidi. Sioni sababu ya kuchagua upande mmoja daima. Sentensi halisi ya gazeti la London huja na kriketi, theluji na majina ya mawaziri, hivyo mtoto wa Kilosa anakuta wageni watatu badala ya mmoja. Mwanzoni mwalimu atunge, kwa mambo ya hapa: mnada, mvua za masika, foleni ya Mbagala, ada ya shule. Baadaye sentensi zitoke kwenye kitabu ambacho darasa linakisoma, kwa sababu hizo zina kisa ndani yake na mwanafunzi anakumbuka nani aliyesema.

Jambo moja tumelipuuza: Kiingereza kiasi fulani tunacho tayari. Breki, stelingi, blanketi, soksi, shati, dereva, kompyuta, ajenda, kampeni. Mtoto anaingia shule akiwa na maneno mengi ya Kiingereza yaliyovaa kanzu. Ni mtaji wa bure, na sioni kwa nini vitabu vya kiada visiuanzie. Uangalifu unatakiwa tu pale maana zilipoachana njiani. Trafiki wetu ni askari mwenye sare nyeupe, "traffic" yao ni magari barabarani, ndiyo maana mtu anaandika "a traffic stopped our bus". Hoteli yetu yaweza kuwa kibanda cha chai na maandazi kisicho na kitanda hata kimoja. Mashine, vijijini, kwanza kabisa ni ya kusaga.

Baada ya kuchagua na kueleza kinabaki kukumbuka. Watu wawili hutajwa sana hapa, Hermann Ebbinghaus aliyeonyesha mwaka 1885 jinsi usahaulifu unavyokimbia siku za mwanzo kisha kupunguza mwendo, na Sebastian Leitner aliyeeneza mwaka 1972 sanduku la kadi zenye vyumba, ambapo kadi unayoikosea hurudi mbele na unayoipata husogea nyuma. Programu za simu za kujifunzia maneno ni sanduku hilohilo ndani ya kioo.

Ila utafiti ninaoupenda zaidi ulifanywa kwa lugha yetu. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio la wanafunzi wa chuo wa Marekani waliokariri jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza, kama "mashua" na "boat". Kiswahili kilikuwa lugha ngeni kwao. Wote walisoma jozi mpaka wakaziweza. Kisha baadhi waliendelea kujipima kwa jozi zote, na wengine wakaacha kujipima kwa zile walizozipata, wakiendelea kuzisoma tu au kuziacha. Baada ya wiki moja, walioendelea kujipima walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kujipima walikumbuka kama theluthi moja, hata wale waliozidi kuzisoma. Kilichowatofautisha ni tendo la kulivuta neno kutoka kichwani bila kulitazama.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kutabasamu: Wamarekani walijifunza jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi kwa kukariri "mashua", na sisi bado tunawaambia watoto wasome msamiati tena na tena usiku wa kuamkia mtihani. Ugumu wa kulitafuta neno ndio unaolikaza. Kufunika safu ya kulia kwa kiganja na kujiuliza hakuna gharama, na kunaweza kufanyika hata kwenye daftari la safu mbili.

Lakini jozi ya neno na tafsiri, hata ikikumbukwa kwa asilimia 100, inarudi kulekule kwa "explain me". Kinachofaa kujipimia ni sentensi yenye pengo. Kwa neno kama "provide", ukurasa wa nyuma wa daftari ungekuwa hivi: tafsiri fupi, kutoa au kupatia kinachohitajika; fasili ya mtindo wa COBUILD kwa maneno mepesi; halafu sentensi mbili, "The village provided food for the workers" na "The school provides every pupil with a desk", zikiandikwa karibu ili "for" na "with" zionekane zinavyogeuza mpangilio; halafu sentensi ya mwanafunzi mwenyewe, ya kweli kuhusu maisha yake, iliyosahihishwa. Kesho yake "provided" na "with" zinafutwa na mwenzake anajaza. Neno moja limechukua nusu ukurasa. Kwa wiki yataingia maneno kumi badala ya hamsini, na kwa mwaka wa shule wa wiki 39 au 40 ni karibu 400. Ni machache, na ndiyo sababu ya kutoyapoteza kwa mapambo.

Maneno 400 kwa mwaka hayafikishi mtu kwenye 8,000, na hakuna daftari litakalomfikisha. Yaliyobaki huja kwa kusoma. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipoichunguza hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania walikuta wanafunzi wengi wa sekondari wakisoma chini sana ya kiwango cha vitabu walivyopewa. Mradi uliofuata, kwa fedha za Uingereza, ulipeleka shuleni hadithi nyepesi zilizoandikwa kwa viwango, kuanzia maneno mia chache hadi elfu mbili. West alikuwa ameitetea fikra hiyo huko Bengali miaka ya 1920: punguza maneno mapya katika ukurasa, rudia yale yale mara nyingi zaidi, na mtoto atasoma ukurasa mzima badala ya kupasua kuni sentensi kwa sentensi. Hadithi ya kurasa 60 iliyoandikwa kwa maneno 1,000 inaweza kumkutanisha msomaji na neno kama "provide" mara kadhaa, likiwa na majirani tofauti, pasipo mwalimu kuandika chochote ubaoni.

Kwa bei ya kitabu kimoja kinene cha mazoezi ya mtihani, shule inaweza kununua hadithi kadhaa za aina hiyo, na kila moja inaweza kupita mikononi mwa darasa zima katika muhula. Maneno kumi ya wiki ijayo yachaguliwe humo, kutoka kwenye sura ambayo wanafunzi wameshaimaliza na wanabishana kuhusu nani alikuwa mwongo.